NGOME KONGWE YA UNGUJA
Kuta zile zile, kazi mbalimbali

Watu wa Kamere, kando ya Ziwa Naivasha, wanaijua nyumba ya Elsamere iliyo katika ujirani wao. Zamani ilikuwa maskani ya Bibi Joy Adamson, aliyemlea simba Elsa. Bibi huyo alifariki mwaka 1980, lakini nyumba haikubomolewa. Iligeuzwa kuwa mahali pa kumbukumbu na pa mafunzo ya kuhifadhi wanyama na mazingira. Nyumba ni ile ile, ila kazi yake ni nyingine.

Jambo hili si geni duniani. Huko Uingereza, kati ya mwaka 1536 na 1540, Mfalme Henry VIII alizifunga nyumba za watawa na kuzitwaa mali zao. Nyingi ziliezuliwa mapaa, na mawe yake yakachukuliwa kujengea kwingine. Lakini nyumba ya watawa wa kike ya Lacock, iliyoanzishwa katika karne ya 13, ilinunuliwa na kufanywa makazi ya tajiri. Kwa kuwa ilipata mwenyewe wa kuitunza, ingali imesimama hata leo.

Katika Afrika Mashariki mfano ulio karibu ni Ngome Kongwe, inayoelekea bahari katika Mji Mkongwe wa Unguja. Mahali hapo Wareno walijenga kanisa dogo mwanzoni mwa karne ya 17. Waarabu wa Omani waliishinda Mombasa mwaka 1698, na utawala wa Wareno katika pwani hii ukavunjika. Ndipo Waomani walipojenga boma penye kanisa lile, ili kujilinda wasije Wareno wakarudi. Kuta za kanisa hazikutupwa zote. Baadhi ya masalio yake yaliingizwa katika ukuta wa boma, na hata sasa yaonekana.

Katika karne ya 19 boma hilo lilitumika kuwa kambi ya askari na kifungo cha wahalifu. Hapa yafaa kukumbuka neno moja la Kiswahili. Wataalamu wa lugha husema kwamba neno "gereza" limetokana na neno la Kireno "igreja", maana yake kanisa. Wenyeji walilitumia kwa maana ya ngome, kama ile inayoitwa Gereza kule Kilwa Kisiwani. Baadaye likawa jina la mahali pa kufungia watu. Hivyo neno lenyewe limesafiri njia ile ile iliyosafiriwa na jengo: kutoka sala hadi vita, na kutoka vita hadi kifungo.

Mwanzoni mwa karne ya 20, gari la moshi la Bububu lilipokuwa likienda, ngome ilifanywa karakana ya reli. Mwaka 1949 ikawa klabu ya wanawake. Baadaye ulijengwa ndani yake uwanja wa maonyesho wenye ngazi za kukalia, na watu wakaanza kukusanyika humo kwa ngoma, taarab na sinema.

Lakini jengo la kale likipewa kazi bila ya matengenezo halisalimiki. Jirani na Ngome Kongwe ipo Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883. Nalo lilipewa kazi nyingi: jumba la sherehe za kifalme, ofisi za Serikali, kisha makumbusho. Mwaka 2012 sehemu yake ilianguka, na tarehe 25 Desemba 2020, mafundi wakiwa katika kulitengeneza, sehemu kubwa iliporomoka na watu wawili wakafa.

Basi wenye majengo ya kale, yawe ya kanisa, ya msikiti, ya shule au ya baraza, wana mambo mawili ya kuangalia. La kwanza, jengo lipate kazi inayowafaa watu wa leo. La pili, paa lizibwe mapema kabla maji hayajaingia ukutani. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.