SHURA: CHUMVI YA ZIZINI NA MTOTO MCHANGA

Wakati wa kiangazi udongo wa zizi la zamani huweza kutoa unga mweupe. Huenda ni shura. Usidhani ni magadi tunayopikia maharage. Hizi ni chumvi mbili tofauti.

SHURA HUTOKEA WAPI?
Mkojo na samadi ya ng'ombe huoza na kutoa amonia. Vijidudu vya udongoni huigeuza amonia kuwa naitreti. Naitreti ikiungana na potasiamu, iliyomo pia katika majivu ya kuni, ndiyo shura. Zamani huko Ulaya watu walichimba udongo wa mazizi, wakauchuja kwa maji na majivu, kisha wakachemsha maji hayo wapate shura ya baruti.

HUFIKAJE KISIMANI?
Naitreti huyeyuka upesi. Mvua ikinyesha, huteremka nayo kutoka zizini, chooni na katika mashamba yenye mbolea ya chumvichumvi. Haina rangi wala harufu.

MTOTO HUDHURIKA VIPI?
Mtoto wa chini ya miezi 6 akipewa maziwa ya kopo au uji wa maji hayo, naitreti hugeuka mwilini kuwa naitraiti, ambayo huizuia damu kubeba hewa ya oksijeni. Midomo na kucha hugeuka rangi ya bluu, mtoto hupumua kwa shida, na aweza kufa. Daktari Hunter Comly wa Marekani aliueleza ugonjwa huu mwaka 1945. Shirika la Afya Duniani linashauri naitreti isizidi miligramu 50 katika lita moja ya maji.

TUFANYE NINI?
1. Mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6.
2. Endeleeni kuchemsha maji ya kunywa, kwani vijidudu hufa. Lakini naitreti haiondoki. Maji yakipungua sufuriani, yenyewe hukolea zaidi. Kama kisima kiko karibu na zizi, mtafutieni mtoto maji ya mahali pengine.
3. Kisima kichimbwe upande wa juu wa mteremko, mita 30 au zaidi kutoka zizini na chooni.
4. Mfuko wa mbolea usiwekewe maji wala chakula.

Mtoto akigeuka rangi, mpelekeni hospitali mara moja, hata kama ni usiku. Dawa ya sindano ipo.

Ng'ombe ni mali yetu na mahari ya vijana wetu. Tuwatunze, lakini zizi lisikae juu ya kisima.