Jembe Likikukata Muguu: Namna Gani Mwili Unajilinda



Katika somo la mara hii hatutasema juu ya mbegu wala juu ya bei ya mahindi. Tutasema juu ya chombo chenye kila mukulima anakuja nacho shambani kila asubui: mwili wake.

Wakati wa kupanda maharagi tulitembelea kikundi kimoja kule milimani. Baba mumoja alikuwa ameketi kando ya shamba, muguu umefungwa kitambaa. Jembe lilimukata siku kumi mbele. "Kilikuwa kidonda kidogo tu," alituambia. "Nikapakaa mavi ya ngombe, njo vile tunafanyaka tangu zamani. Kisha muguu ukavimba." Muguu ulipona, lakini kisha majuma matano, na kisha makuta mengi ya santri ya afya. Wakati alirudia jembe, saa ya kupanda ilikuwa imepita. Mwaka ule familia yake ilinunua maharagi sokoni.

Baba huyu hakukosa walinzi. Mwili wake ulikuwa nao, sawa na mwili wa kila mutu. Lakini aliwaletea maadui wengi kuliko nguvu zao. Tuone namna gani.

Ukuta wa lupango

Mulinzi wa kwanza ni ngozi. Ni kama ukuta wa lupango: mikrobe ziko juu yake kila siku, lakini haziingii. Mahali ukuta una mulango, kuko walinzi wengine. Machozi na mate yana kitu chenye kinapasua mikrobe. Ndani ya pua na njia ya pumzi, ute unazishika kama gundi, na vinywele vidogo sana vinausukuma kuelekea inje. Ndani ya tumbo, maji makali yanaua nyingi zenye zinaingia na chakula.

Wakulima wa ndizi wanajua jambo hili bila kusoma kitabu. Mupanga wenye ulikata mugomba mugonjwa wa wilti ukikata mugomba muzima bila kusafishwa, ugonjwa unaingia na kile kidonda. Hata kwa mutu ni vile: jembe likifungua ngozi, linafungua mulango, na lile jembe lenyewe limejaa udongo.

Filimbi ya hatari

Kisha jembe kukata, kazi inaanza palepale. Damu inatoka na kusukuma uchafu kidogo inje. Halafu inaganda na kuziba mulango. Seli zenye ziliumizwa zinatoa vitu vya kuita musaada, kama mulinzi anapiga filimbi usiku. Mishipa midogo ya damu inapanuka. Ndiyo sababu mahali pale panakuwa pekundu na pa moto. Maji ya damu yanavuja kidogo mupaka kwenye kidonda, yakibeba vitu vyenye vinatoboa mikrobe na kuzitia alama. Ndiyo sababu panavimba. Na maumivu yanakulazimisha kupumuzisha muguu.

Basi wekundu kidogo, joto na uvimbe kidogo katika siku za kwanza si ugonjwa. Ni kazi ya mwili.

Askari wanafika

Katika masaa ya kwanza wanafika askari weupe wenye wanaitwa neutrofili. Wanatengenezwa ndani ya mifupa, mabilioni kila siku, na wanatembea ndani ya damu wakingojea filimbi. Wanatoka katika mushipa, wanafuata njia mupaka kwenye kidonda, wanameza mikrobe na kuziua. Wao wenyewe hawaishi sana: wanakufa kazini. Usaha wenye tunaona, sehemu kubwa yake ni maiti ya askari hao pamoja na mikrobe na nyama yenye ilikufa.

Nyuma yao wanakuja wengine wakubwa, makrofaji. Hao wanameza mikrobe zenye zilibaki, wanasafisha maiti, na wanaita seli za kujenga ngozi mupya.

Mutu mwenye alivumbua kazi hii ni Metchnikoff, mutu wa elimu kutoka Urusi. Katika mwaka wa 1882, kule Messina katika Italia, alichoma muiba katika mwili wa mutoto wa nyota ya bahari, munyama mudogo mwenye unaweza kuona ndani yake kama katika kioo. Kesho yake aliona seli zimezunguka ule muiba pande zote. Katika 1908 alipata zawadi ya Nobel.

Askari hawa tunazaliwa nao. Hawajui jina la kila mikrobe. Wako kama mulinzi wa depo ya kooperative: hajui jina la kila mwizi, lakini anajua kwamba mutu mwenye anaruka ukuta usiku hakuja kununua mbegu. Mikrobe nyingi ziko na alama zenye mwili wa mutu hauna, na askari wanatambua zile alama.

Kama vita inakuwa kubwa, habari inafika katika ubongo, na ubongo unapandisha joto la mwili. Homa inapunguza nguvu za mikrobe nyingi na inaharakisha askari. Lakini kwetu homa inaweza kuwa malaria. Usibaki nyumbani ukisema, "Ni kidonda tu." Enda wapime damu.

Namna gani tunawashinda askari wetu wenyewe

Tufanye hesabu, sababu kooperative inapenda hesabu. Kuko mikrobe zenye, zikipata joto na chakula, zinazaa mara mbili kila dakika 20 hivi. Moja inakuwa 2, kisha 4, kisha 8. Kisha masaa mawili tu, ile moja imekuwa 64. Sasa, kama uliacha mikrobe 10 ndani ya kidonda, ao uliacha 10,000, ni vita mbili tofauti kabisa. Maji safi na sabuni haviui kila kitu, lakini vinaondoa wengi mbele askari hawajafika. Mavi ya ngombe, matope, ao majivu yenye yamekanyagwa jikoni, yanaleta kundi jipya la maadui.

Hata unga wa kapsuli yenye watu wananunua sokoni na kumwanga juu ya kidonda hauondoe udongo. Unafunika uchafu, na unafundisha mikrobe kuzoea dawa.

Adui mumoja mwenye askari hawamuwezi

Kuko mikrobe ya tetanosi, yenye wengine wanaita pepopunda. Mbegu zake zinaishi katika udongo na katika mavi ya wanyama, miaka mingi. Zinapenda kidonda kirefu chenye hewa haiingii: cha musumari, cha muiba, cha ncha ya jembe. Mule zinatoa sumu yenye inashika mishipa ya fahamu. Mutu anashindwa kufungua mudomo, shingo na mugongo vinakaza, na anaweza kufa. Ugonjwa unaweza kuonekana kisha siku 3 mupaka majuma 3, wakati kidonda kimekwisha kupona na kila mutu amesahau.

Askari wa kuzaliwa wanajua kumeza mikrobe, lakini hawawezi kuizuia sumu ile. Hata mutu mwenye alipona tetanosi anaweza kuipata tena, sababu sumu kidogo sana inatosha kuua, na kidogo vile haifundishe mwili kitu. Njia ni chanjo. Chanjo inafundisha kundi la pili la walinzi wa mwili, wale wenye wanajifunza na kukumbuka. Watoto wanaipata ndani ya chanjo za majuma 6, 10 na 14. Wamama wenye mimba wanaipata ili kujilinda pamoja na mutoto mwenye atazaliwa. Lakini baba na vijana wenye wanashika jembe kila siku, wengi wanasahau. Muulize muganga.

Tufanye nini jembe likikata

1. Finya kidonda na kitambaa safi mupaka damu isimame.
2. Nawa mikono na sabuni. Osha kidonda na maji mengi safi (yenye yalichemshwa na kupoa, kama inawezekana), dakika tano hivi. Ondoa udongo wote.
3. Funika na kitambaa safi chenye kimekauka. Badilisha kila siku, na kila mara kinalowa.
4. Pumuzisha muguu, uuinue ukiketi. Usikamue usaha.
5. Enda santri ya afya siku ileile kama kidonda ni kirefu, kama kiliingia udongo ao mavi, kama damu inakataa kusimama, ao kama hujui chanjo yako ya tetanosi.
6. Enda bila kungoja kama wekundu unaenea, kama mustari mwekundu unapanda muguu, kama homa inakuja, ao kama mudomo unakaza.

Na tusisahau: askari wanakula. Mutu mwenye anakula bugali peke yake kila siku anawapa posho kidogo. Maharagi, lengalenga, sombe, samaki kidogo, mayai: vyakula hivi si vya kuuza vyote sokoni.

Maswali ya kuzungumuzia katika mukutano wa kikundi

- Kwetu, watu wanaweka nini juu ya kidonda? Kati ya vile vitu, ni kipi kinaondoa mikrobe, na ni kipi kinaziongeza?
- Ni wanachama wangapi wanajua siku ya chanjo yao ya mwisho ya tetanosi?
- Kikundi chetu kinaweza kuweka shambani kidumu cha maji safi, sabuni na vitambaa safi? Nani atavichunga?

Yule baba wa maharagi, tulipoagana, alisema: "Sabuni ilikuwa mule nyumbani." Tuibebe shambani pamoja na jembe.