Ushauri wa Kilimo: Masika Yanapokatika, Sera na Soko la Nyama ya Nje

Mvua za masika zinapokatika, malisho yakiwa bado mabichi na mifugo ikiwa na mwili mzuri kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka, mfugaji wa Tanzania mwenye mnyama wa kuuza huwa na mazoea ya kungoja, na anapofika mnadani Septemba au Oktoba ng'ombe wake amekwisha kukonda na mnunuzi anafahamu kwamba muuzaji hana pa kwenda. Kwa hasara hiyo hulaumiwa ukame au madalali, wala lawama hizo si za bure. Lakini kwa mfugaji anayelenga machinjio yanayosafirisha nyama nje ya nchi, sehemu kubwa ya bei huwa imekwisha kuamuliwa na sera, yaani kanuni za ushuru, za vibali na za afya ya mifugo ambazo nchi inayouza na nchi inayonunua zimejiwekea.

Nguvu ya sera huonekana vizuri zaidi Botswana, nchi ambayo kundi lake lote la ng'ombe kwa kawaida halizidi milioni 3, wakati Tanzania inahesabu zaidi ya milioni 30, na ambayo hata hivyo imeuza nyama Ulaya kwa miongo kadhaa. Chini ya Mkataba wa Lomé wa mwaka 1975, Jumuiya ya Ulaya ilizipatia nchi chache za Afrika mgao, yaani kiasi cha juu cha nyama kinachoweza kuingia kwa nafuu, na ikaziondolea takriban sehemu tisa kati ya kumi za tozo ya kuingiza. Mgao wa Botswana ulifikia tani 18,916 kwa mwaka, ilhali wa Kenya ulikuwa tani 142. Kwa kuwa Ulaya ilikuwa imepandisha bei ya nyama ndani ya mipaka yake ili kuwalinda wakulima wake, kila tani iliyoingia kwa nafuu hiyo ilileta fedha nyingi kuliko ambazo ingeleta katika soko la dunia, na sehemu ya fedha hizo ilimfikia mfugaji kupitia Shirika la Nyama la Botswana, ambalo kwa muda mrefu lilikuwa na haki ya pekee ya kuuza nyama nje. (Ulaya hiyo hiyo ilikuwa ikitoa ruzuku ili ziada ya nyama yake iuzwe kwa bei ya kutupa Afrika Magharibi, na wafugaji wa Saheli wakaumia; ni mkutano wa Shirika la Biashara Duniani uliofanyika Nairobi Desemba 2015 ulioamua kwamba ruzuku za aina hiyo ziondolewe.)

Nafuu ya ushuru, hata hivyo, isingefaa kitu bila masharti ya afya kutimizwa. Kikwazo kikubwa kilikuwa ugonjwa wa miguu na midomo, maradhi ya virusi yanayoenea upesi miongoni mwa wanyama wenye kwato zilizogawanyika na ambayo nyati wa porini huyabeba bila kuugua, kwa hiyo Botswana iliigawa nchi kwa uzio mrefu unaowatenga ng'ombe wa eneo safi na nyati hao. Gharama yake haikuwa ya fedha tu, kwani uzio ulikata njia za nyumbu wa Kalahari, nao wakafa kwa maelfu katika miaka ya ukame. Nchi yenye Serengeti haiwezi kuiga mfano huo, wala haina sababu ya kuutamani. Baadaye Ulaya iliongeza sharti la ufuatiliaji, yaani uwezo wa kujua kila mzoga umetokana na ng'ombe gani na wa boma gani, na mwaka 2011 kasoro za ufuatiliaji na za usalama wa chakula zilisimamisha mauzo ya Botswana kwenda Ulaya kwa zaidi ya mwaka mmoja, ingawa ushuru ulikuwa umekwisha kufutwa kabisa.

Sera ya ndani nayo huweza kubomoa kilichojengwa. Mwaka 2006 serikali ya Argentina ilizuia sehemu kubwa ya mauzo ya nyama ya ng'ombe nje ili bei ishuke kwa walaji wa nchini, kisha ikaendelea kuyabana kwa vibali. Wafugaji walichinja hata majike ya kuzaa, malisho mengi yakageuzwa mashamba ya soya, ukame ukaongeza yake, na kati ya 2007 na 2011 kundi likapungua kwa takriban ng'ombe milioni 10, huku bei iliyokusudiwa kushushwa ikipaa.

Soko lililo karibu na Tanzania ni la nchi za Ghuba, ambako nyama ya mbuzi na kondoo hufika kwa ndege ikiwa imepozwa bila kugandishwa, na huko pia maradhi hufunga mlango kuliko ushuru. Homa ya Bonde la Ufa, inayoenezwa na mbu na inayowapata hata binadamu, ilipozuka Saudi Arabia na Yemen mwaka 2000, Saudi Arabia iliizuia mifugo ya Pembe ya Afrika, na mifugo ya Somalia haikuruhusiwa tena hadi mwaka 2009. Kwa hiyo hereni za utambulisho zinazovishwa mifugo masikioni, ambazo wafugaji wengi walizinung'unikia kwa sababu ya gharama, na kumbukumbu za chanjo ya sotoka ya mbuzi na kondoo au ya homa ya mapafu ya ng'ombe, ni sehemu ya bei, na mnyama asiyekuwa nazo atabaki kuwa mnyama wa bucha la mtaani hata akinona vipi.

Kwa nyama ya ng'ombe, Shirika la Afya ya Wanyama Duniani linatambua njia isiyohitaji uzio wa nchi nzima: ng'ombe awe amechanjwa na kukaguliwa, mzoga uning'inizwe angalau saa 24 katika joto linalozidi nyuzi 2, mifupa na tezi viondolewe, na kipimo cha asidi kiitwacho pH, ambacho hupungua kadiri asidi inavyozidi, kishuke chini ya 6, kwa kuwa virusi vya miguu na midomo havistahimili asidi hiyo. Asidi yenyewe hutokana na sukari iliyohifadhiwa katika misuli, na ng'ombe aliyeswagwa siku nyingi, akapigwa fimbo na kushindishwa na kiu, huwa ameimaliza, hivyo nyama yake hubaki nyeusi, kavu na yenye pH ya juu, na machinjio huikataa. Kumpeleka kwa gari, kumpumzisha na kumpa maji kabla ya kuchinjwa ni sharti la biashara kama ulivyo ushuru wa forodha.

Mfugaji anayekusudia kuuza msimu huu atenge sasa wanyama wachanga walio na mwili, asiwachome dawa yoyote bila kusoma kwenye chupa siku za kusubiri kabla ya kuchinja, na, kwa kuwa tozo na vibali huweza kubadilika mwaka wa fedha unapoanza Julai Mosi, amuulize afisa mifugo wa kata kabla ya kupakia.