Ndui, Chanjo, na Kutawakali

Amma baadu. Wako watu wasemao ya kuwa mwenye kukubali kuchanjwa amepungukiwa na tawakali, kwani maradhi ni kadari ya Mwenyezi Mngu, na kadari haina kinga. Neno hili lina khatari kubwa, na khabari za ndui zatosha kulipima.

Ndui huletwa na kijidudu kisichoonekana kwa jicho. Kijidudu hicho hakiwezi kuzaa peke yake; huingia kwa pumzi, kikapenya ndani ya chembe za mwili, kikazitumikisha kutengeneza wenziwe kwa maelfu. Mtu hukaa siku 10 hata 14 hivi asijue lolote, kisha homa humpanda, ndipo vipele vikatoka. Katika ndui kali walikufa kiasi cha watu 3 katika kila 10, na waliopona wengi walibaki na makovu, na baadhi yao upofu.

Lakini Muumba hakuuacha mwili bila ya walinzi. Ngozi ni ukuta, na kamasi na machozi husafisha milango. Adui akipita hapo hukutana na chembe nyeupe za damu: nyingine humla mzima mzima, na nyingine hutengeneza silaha ya kumnasa yeye tu, isiyomfaa adui mwingine. Silaha hiyo haipatikani kwa siku moja, na wengi hufa kabla haijatimia. Aliyepona, mwili wake humkumbuka adui, na akirudi humkuta silaha i tayari. Ndiyo sababu wazee walijua ya kuwa aliyekwisha ugua ndui haugui tena.

Chanjo ni kuupa mwili kumbukumbu hiyo bila ya kuuguza. Wala asidhani mtu kuwa asili yake ni Ulaya. Katika dola ya Waturuki watu walikuwa wakichanjwa kwa usaha wa ndui wenyewe, na mwaka 1717 Lady Mary Wortley Montagu, mke wa balozi wa Kiingereza, aliyaona hayo mjini Edirne akawaandikia kwao. Njia ile ilikuwa na khatari yake, maana wachache walikufa kwayo. Mwaka 1796 tabibu Edward Jenner akatumia ndui ya ng'ombe, iliyo nyepesi, na mwili ukamjua adui mkali kwa kuonyeshwa nduguye mnyonge.

Ama kadari, jawabu yake ilikwisha tolewa zamani. Sayyidna Umar (R.A.) alikuwa njiani kwenda Sham, akafika Sargh, akapata khabari ya tauni. Akashauriana na watu, akaazimu kurejea. Abu Ubaida akamwuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mngu. Naye akajibu kwamba wanatoka katika kadari yake na kwenda katika kadari yake, akampigia mfano wa mwenye ngamia aliyeshuka katika bonde lenye upande wa majani na upande mkavu: popote atakapolisha, amelisha kwa kadari. Kisha Abdulrahman bin Auf akaja na hadithi ya Mtume (S.A.W.) ya kukataza kuingia katika nchi yenye tauni, na kutoka humo kwa kuikimbia.

Mwezi wa Oktoba 1977, mjini Marka katika pwani ya Banadir, Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali, alipanda gari lililochukua watoto wawili wenye ndui ili amwonyeshe dereva njia. Safari ilikuwa fupi mno. Hakuwa amechanjwa, kwa kuogopa maumivu. Akaugua, akapona, waliomkaribia wakatafutwa na kuchanjwa, na maradhi yakakatika hapo. Yeye ndiye mtu wa mwisho duniani kupata ndui kwa njia yake ya kawaida, na mwaka 1980 ikatangazwa kuwa ndui imekwisha.

Baadaye Maalin alizunguka katika nchi yake ya Somalia akiwahimiza wazazi kuwapa watoto chanjo ya polio, akiwasimulia yaliyompata yeye kwa kuiogopa sindano. Alifariki mwaka 2013 kwa malaria, akiwa katika kazi hiyo.