Kazi yenye utata? Usiamue peke yako

Kuanzia Voi na Mwatate hadi Kasigau, nchini Kenya, vishawishi vinajulikana: kubeba nyamapori usiku, kuchoma makaa msituni, kuficha jiwe la thamani wenzako wa shimoni wasilione. Ukiwa peke yako, na karo inadaiwa, ni rahisi kukubali.

Kutaneni watu watano au sita wa kazi moja, siku ya chama, baada ya michango. Bosi asiwepo, wala dalali.

Mwenye shida aeleze yote: ameagizwa nini, analipwa ngapi, nani ataumia. Wengine waulize kabla ya kushauri. Mwendesha bodaboda aliyepewa gunia linalovuja damu na kuambiwa "ni ng'ombe tu" aulizwe: mhuri wa mkaguzi wa nyama uko wapi? Sheria ya Wanyamapori ya 2013 humwadhibu anayekutwa na nyamapori, si mwindaji pekee.

Akikataa kazi, mpeni mkopo mdogo wa chama au mtafutieni kibarua kingine. Kikundi kikilegea hapa, mtu hurudi kwa dalali.

Siri za kikao zisitoke. Lakini pakiwa na hongo, Sheria ya Hongo ya 2016 humlinda anayeripoti; msindikizeni akaripoti.