Fyuzi Iliyoungua Hueleza Nini?

Mwanafunzi na achukue mfano huu. Kwaya moja ya Mabawe, wilayani Ngara, imenunua chombo kikuukuu cha kutia mwangwi katika sauti. Kinachomekwa, kinakaa kimya, na fyuzi inakutwa imeungua.

Hapo wengi hutia fyuzi kubwa zaidi, au huifunga kwa karatasi ya sigara. Ni hatari tupu: fyuzi iliwekwa ili ife kwanza, ikizuiwa kufa, transfoma ndiyo itakayoungua.

Kwanza yasomwe maandishi yaliyo nyuma ya chombo. Umeme wa Tanzania ni wa volti 230. Wa Marekani ni wa volti 120, na wa Japani volti 100. Transfoma iliyosukwa kwa volti 120 ikipewa 230, chuma chake hushiba usumaku na mkondo huzidi ghafla. Dawa yake ni transfoma ya kushushia volti.

Volti zikilingana, fundi hurudisha fyuzi ya kipimo kilichoandikwa, kisha huunga taa ya uzi ya wati 60 kwa mfuatano na chombo. Ikishawaka, taa hiyo haipitishi zaidi ya ampea 0.26 hivi (60 ÷ 230). Ikimulika kidogo na kufifia, kapasita zimejaa chaji na hakuna shoti. Ikiwaka kwa nguvu bila kufifia, shoti imo. Mara nyingi ni daiodi iliyokufa.

Jaribio hili lisifanywe pasipo fundi au mwalimu. Hata plagi ikichomolewa, kapasita huweza kubaki na chaji.