Ofisi ya Kikundi na Saa ya Mwili

Ofisi nyingi za vikundi vyetu, Migori hata Homa Bay, zinajengwa kama stoo: mabati juu na dirisha moja dogo kwa kuogopa wezi. Karani anashinda humo kutwa akisinzia juu ya vitabu vya pesa, na usiku usingizi hauji. Huenda shida ni mwanga.

Mwili una saa yake. Mwaka 2017 wanasayansi watatu wa Marekani walipewa Tuzo ya Nobel kwa kueleza jinsi saa hiyo inavyofanya kazi. Mwanga unaoingia machoni ndio unaoirekebisha kila siku. Wavuvi wa omena, wanaokesha ziwani na taa, wanajua taabu ya kulala mchana.

Mwanga hupimwa kwa laksi. Nje, jua la saa sita hufika laksi 100,000 hivi. Mwaka 2022 wataalamu walishauri macho yapate angalau laksi 250 za mwanga kama wa mchana. Masaa 3 kabla ya kulala, zisizidi 10.

Namna ya kupima

1. Simu nyingi za kugusa kioo zina kipima mwanga karibu na kamera ya mbele. Mwekeeni programu ya bure ya kusoma laksi.
2. Karani akae kitini. Shika simu kando ya macho yake, kioo kielekee anakotazama. Usiilaze mezani.
3. Pima saa mbili asubuhi, saa sita na saa kumi, siku ya jua na ya mawingu. Andika daftarini.
4. Sogeza kiti karibu na dirisha, upime tena.

Angalieni: simu si mizani kamili, inafaa kulinganisha tu. Tena saa ya mwili inashika zaidi mwanga wa rangi ya anga. Balbu ya manjano ikisoma 250, kwa mwili ni kama nusu tu.

La kufanya

Sogezeni meza, pakeni ukuta chokaa, wekeni bati moja la kupitisha mwanga. Mnaojenga, tieni madirisha makubwa yenye vyuma upande wa kaskazini na kusini, jua kali lisiwachome. Kabla ukuta haujainuka, kubadilisha ni rahisi.

Ya kujadili

- Karani wetu anapata laksi ngapi?
- Tutabadilisha nini kabla ya mkutano ujao, na nani atapima tena?